Kungoja Kuitwa: Njia ya Uafisa kutoka Ikulu ya Itetemia hadi Monduli

Itetemia leo ni kata ya Manispaa ya Tabora. Katika karne ya 19 palikuwa na makao ya mtemi wa Unyanyembe, na kijana wa Kinyamwezi aliyetaka cheo alikwenda kukitafuta hapo. Hakukuwa na mtihani wala fomu. Wazee walimpeleka ikulu akiwa bado mdogo, akaingia katika kundi la wagalagala, yaani vijana waliomtumikia mtemi nyumbani kwake. Walibeba ujumbe, walilinda ua, walisindikiza wageni, na vita vilipotokea walitoka na silaha. Kijana alikaa humo akitazamwa. Mtemi akiridhika naye, na washauri wake wasipompinga, alipewa kijiji akisimamie au akatumwa kama mtwale kwenye eneo lililotekwa. Asiporidhika naye, aliendelea kutumika tu. Kipindi hicho cha kutazamwa hakikuwa na urefu maalumu, na hakuna aliyekuwa na haki ya kuuliza lini kitakwisha.

Utaratibu huo ndio chanzo cha historia hii. Kuanzia enzi za watemi, kupitia kwa Wajerumani na Waingereza, hadi Jeshi la Wananchi la Tanzania (JWTZ), njia ya kijana wa Tabora kuelekea uongozi wa kijeshi imepita mikononi mwa mtu anayetaja jina lake mbele ya mkubwa zaidi. Mwenye mamlaka ya kutaja majina amebadilika mara kadhaa, na kila badiliko lilitikisa nchi nzima. Sifa zinazomfanya kijana atajwe nazo zimebadilika: zamani ukoo, kisha shule, kisha chama, kisha vyeti na mafunzo. Kungoja ndiko kulikobaki.

Unyanyembe ilijaa fedha na bunduki kwa sababu ya njia ya misafara. Kituo cha Kaze, kilichokuja kuwa mji wa Tabora, kilikuwa njiapanda: barabara iliyotoka Bagamoyo iligawanyika hapo, moja ikaenda Ujiji na Ziwa Tanganyika, nyingine ikapanda kaskazini kuelekea Karagwe na Buganda. Burton na Speke walipofika Novemba 1857 walimkuta Mtemi Fundikira akitawala, na wafanyabiashara Waarabu wakiwa wamekwisha kujenga matembe yao. Fundikira alipofariki, mrithi wake Mnywa Sele alitaka wafanyabiashara walipe kodi. Wakamfukuza mwaka 1860 na kumsimika Mkasiwa. Mnywa Sele alipigana porini miaka kadhaa hadi alipouawa mwaka 1865. Tangu hapo kila mtemi alihitaji watu wa bunduki waliomtegemea yeye binafsi kuliko alivyohitaji wazee wa ukoo.

Watu hao ndio rugaruga. Wengi walikuwa vijana wasio na mji, wapagazi walioacha mizigo na mateka waliokulia vitani, na walikula kutokana na nyara. Upande wa magharibi, Mirambo wa Urambo alijenga dola nzima juu yao, na hadi alipofariki Desemba 1884 hakuna msafara uliopita Unyamwezi bila kumhesabu. Katika jeshi la Mirambo ukoo ulikuwa na uzito mdogo kuliko ushujaa. Mtu asiye na baba wa kutajwa aliweza kupewa kikosi, na baadaye kupewa nchi ya kutawala. Jambo hilo linastahili kukumbukwa, kwa sababu miaka 40 baadaye Waingereza waliandika juu ya Unyamwezi kana kwamba uongozi wake siku zote ulikuwa mali ya watoto wa watemi.

Isike, aliyeshika utemi wa Unyanyembe mwaka 1876, alikuwa wa mwisho kuteua makamanda wake mwenyewe. Wajerumani walipomshindwa kwa mashambulizi ya awali walimtuma Tom von Prince, aliyelivunja boma lake Januari 1893. Isike alijilipua kwa baruti akiwa na watu wake ili asikamatwe. Wajerumani wakamweka Nyaso, mtemi mwanamke, na tangu siku hiyo mtemi wa Unyanyembe mwenyewe akawa mtu wa kuteuliwa na serikali.

Katika jeshi la Kijerumani la Afrika Mashariki kijana wa Kinyamwezi aliweza kuwa askari, na Wanyamwezi na Wasukuma waliandikishwa kwa wingi. Ngazi ilikuwa wazi lakini fupi: ombasha, shaushi, bet-shaushi, soli. Juu yake kulikuwa na efendi, cheo chenye asili ya Kituruki kilicholetwa na askari wa Kisudani walioajiriwa Misri, na walioshika cheo hicho walikuwa wachache mno. Hapo ngazi iliishia. Mjerumani wa cheo cha chini kabisa alimwamuru efendi mwenye mvi. Utawala huo ulikoma Tabora tarehe 19 Septemba 1916, jeshi la Wabelgiji kutoka Kongo chini ya Jenerali Tombeur lilipouteka mji. Muda mfupi baadaye Wabelgiji waliukabidhi kwa Waingereza.

Waingereza walileta Tabora jambo jipya: shule ya kutengeneza watawala. Shule ya Serikali ya Tabora ilifunguliwa mwaka 1925, mwaka ule ule aliofika Gavana Donald Cameron na siasa yake ya kutawala kwa kupitia watemi na machifu. Wajerumani walitegemea maakida, wengi wao Waswahili wa pwani waliosoma shule ya Tanga. Cameron aliwaondoa maakida na kurudisha mamlaka kwa wenye nchi, nao wenye nchi walitakiwa wajue kusoma hesabu za kodi na kuandika hukumu za baraza. Kwa hiyo watoto wao walipaswa kusomeshwa mahali pamoja, chini ya walimu Waingereza, kwa mfano wa shule za bweni za mabwana wa Uingereza: mabweni yenye majina na viranja, kiranja mkuu, michezo ya lazima, ukaguzi wa vitanda, na gwaride la asubuhi. Shule hiyo haikuwa chuo cha kijeshi kwa sheria. Kwa malezi ilikaribia sana kuwa hivyo, na kwa miaka mingi hapakuwa na mahali pengine katika Tanganyika palipomfundisha Mwafrika kutoa amri.

Kuingia Tabora kulianza kwa kutajwa. Mtemi alimpa jina Mkuu wa Wilaya, naye akalipeleka kwa Mkuu wa Jimbo na Idara ya Elimu, kisha familia ikakaa kusubiri. Katika hatua hiyo ya kwanza serikali ilikosea jambo moja la msingi. Ilitaka watoto wa watemi, ikidhani hao ndio warithi. Lakini katika sehemu kubwa ya Unyamwezi utemi ulikuwa ukifuata upande wa mama, na mrithi halali alikuwa mtoto wa dada. Mtemi akiombwa mwana, alimtoa mwana; mpwa, ambaye wazee wa ukoo walimtazamia, alibaki kijijini. Baada ya miaka kadhaa, mwana alirudi akijua Kiingereza na taratibu za ofisi, na Mkuu wa Wilaya alimfahamu kwa jina. Wakati wa kuchagua mtemi mpya ulipofika, ilikuwa vigumu kumpita. Kuhama kwa urithi kutoka kwa wapwa kwenda kwa wana katika temi nyingi za Unyamwezi kulikuwa na sababu zaidi ya moja, lakini orodha za shule ya Tabora zilisukuma mambo upande huo, na athari yake ilikuwa nzito kuliko waliozitayarisha walivyodhani.

Mfumo wa kutajwa na watemi haukudumu peke yake. Shule za misheni na za serikali zilitoa wavulana wengi wenye akili kuliko nafasi zilizokuwepo, na mtihani wa kuingia Tabora ukawa mlango wa pili, kisha mlango mkuu. Julius Nyerere alipita kwenye milango yote miwili kwa wakati mmoja. Alikuwa mtoto wa Burito, mtemi wa Wazanaki, na alitoka shule ya Mwisenge, Musoma, akiwa ameongoza mtihani. Aliingia Tabora mwaka 1937 na kuondoka mwishoni mwa 1942 kwenda Makerere. Alirudi mjini humo mwaka 1946 kufundisha St. Mary's, shule ya wamisionari Wakatoliki. Rashidi Kawawa alisoma shule ya serikali ya Tabora, na Oscar Kambona pia. Abdallah Fundikira, mzaliwa wa ukoo wa watemi wa Unyanyembe, alitoka hapo kwenda Makerere na Cambridge, akasimikwa mtemi mwaka 1957 na baada ya uhuru akawa Waziri wa Sheria. Katika darasa moja walikaa mtoto wa mtemi aliyeletwa kwa jina la baba yake na mtoto wa mkulima aliyeletwa kwa alama zake. Wakavaa sare moja, wakaamkia gwaride moja. Ukiangalia walichofanya baadaye, wengi wao walikuja kufuta ule utaratibu uliowaleta watoto wa watemi.

Lakini uafisa wa jeshi haukuwa miongoni mwa kazi zilizowangoja wahitimu wa Tabora. Walitazamiwa kuwa watemi, makarani, walimu na matabibu. Jeshi la King's African Rifles (KAR), lililoundwa mwaka 1902, lilichukua askari wake kutoka makabila yale ambayo maafisa waliyaona kuwa ya kivita, na mara nyingi liliwaona wasomi kuwa wakorofi. Katika Vita Kuu ya Pili Watanganyika takriban 87,000 waliingia jeshini. Walipigana Ethiopia, Madagaska na Burma. Majina ya kambi mbili kubwa za Tanganyika yalitoka katika vita hivyo: Colito ya Dar es Salaam ilikumbuka mapigano ya Ethiopia ya mwaka 1941, na Kalewa ya Tabora ilikumbuka mji wa Burma ambako kikosi cha Afrika Mashariki kilifika Desemba 1944. Watu hao walishinda vita, wakarudi, na hakuna hata mmoja aliyerudi akiwa afisa kamili.

Katikati ya miaka ya 1950 Waingereza walikirudisha cheo cha efendi. Kilipewa masajini wa miaka mingi waliopendekezwa na makamanda wao. Kilikuwa juu ya sajini meja na chini ya luteni usu Mwingereza. David Musuguri wa Butiama, aliyeingia KAR mwaka 1942, alikuwa miongoni mwa waliokipata. Kwa askari mkongwe ilikuwa heshima kubwa, na haifai kuidharau. Kwa nchi iliyokuwa ikikaribia uhuru ilikuwa hatua ndogo iliyochelewa.

Mlango wa uafisa kamili ulifunguliwa kidogo tu miaka ya mwisho ya ukoloni. Kijana aliyemaliza sekondari, au askari hodari aliyejua Kiingereza, aliweza kupendekezwa kwenda chuo cha Sandhurst, Uingereza, ambako kozi ilichukua miaka miwili, au chuo cha Mons kule Aldershot, ambako alikaa miezi michache. Kwanza alitajwa na mwalimu mkuu au kamanda wa kikosi. Kisha alifika mbele ya jopo la maafisa lililompa kazi za kuongoza wenzake kuvuka vizuizi kwa mbao na kamba, kujadili mada mezani na kujibu maswali ya ana kwa ana. Baada ya hapo alirudi shuleni au kambini akakaa kimya. Barua ilitoka mbali, na wengi walioingia mbele ya jopo hawakuitwa tena.

Utaratibu wa namna hiyo haukuwa wa Afrika Mashariki pekee. Huko Marekani, chuo cha jeshi cha West Point kilichoanzishwa mwaka 1802 hadi leo kinamtaka mwombaji alete kwanza pendekezo, kwa kawaida kutoka kwa mbunge au seneta wake au makamu wa rais. Mbunge mmoja hawezi kuwa na vijana zaidi ya watano chuoni kwa wakati mmoja, hivyo kila mwaka maelfu ya familia hungoja barua ya mwanasiasa kabla ya barua ya chuo chenyewe. Uingereza yenyewe iliuza vyeo vya uafisa kwa fedha hadi mwaka 1871. Nchi zote hizo zimepambana na swali moja: nani aaminiwe kuwataja wale watakaokabidhiwa silaha na watu? Tofauti ya Tanganyika ni kwamba hadi uhuru jibu la swali hilo halikuwa mikononi mwa Watanganyika.

Tarehe 9 Desemba 1961 KAR ya Tanganyika ikawa Tanganyika Rifles. Kikosi cha kwanza kilikaa Colito, cha pili Kalewa, Tabora. Jina lilibadilika, bendera ikabadilika, lakini maafisa wa juu wakabaki Waingereza, na Brigedia Patrick Sholto Douglas akawa kamanda. Watanganyika wenye kamisheni kamili walikuwa wachache mno. Mmoja wao alikuwa Mrisho Sarakikya wa Meru, aliyehitimu Sandhurst. Serikali ilikuwa na mpango wa kuongeza maafisa wazalendo hatua kwa hatua, ikituma vijana wachache kila mwaka. Kwa mtu wa wizarani hesabu hiyo ilikuwa na maana, kwa sababu afisa hatengenezwi kwa wiki mbili. Askari wa Kalewa aliyekuwa sajini tangu Burma hakuona maana yake. Rafiki zake wa zamani waliokuwa makarani walikuwa sasa wakuu wa wilaya, na yeye bado alimpigia saluti luteni Mwingereza wa umri wa mwanawe.

Mwaka 1963 ulikuwa mzito kwa Tabora. Sheria iliondoa mamlaka ya machifu, na wale waliokuwa wakitaja majina tangu enzi za ikulu ya Itetemia wakabaki na heshima tu. Tarehe 10 Julai mwaka huo likaanzishwa Jeshi la Kujenga Taifa, JKT. Kwa muda mlango mmoja ulikuwa umefungwa na mwingine haujakamilika. Mapema Januari 1964 Rais Nyerere alitangaza kwamba ajira serikalini hazitaangalia tena kama raia ni Mwafrika au la, bali uraia tu. Kwa upande wa haki alisema kweli, na msimamo huo unamheshimisha hadi leo. Lakini kambini tangazo lilisikika kama habari kwamba maafisa Waingereza wataendelea kukaa.

Usiku wa kuamkia tarehe 20 Januari 1964 askari wa Colito waliasi. Walitaka mshahara upandishwe kutoka shilingi 105 hadi 260 kwa mwezi, na walitaka maafisa Waingereza waondoke mara moja. Siku iliyofuata maasi yakafika Kalewa. Askari wa Tabora waliwakamata maafisa Waingereza, na baada ya muda maafisa hao pamoja na familia zao walisafirishwa kwa ndege. Mjini kulikuwa na fujo na uporaji. Jambo linalogusa zaidi historia hii ni lile lililotokea ndani ya kambi: askari walianza kugawa vyeo wenyewe. Wale waliongoja miaka 20 kutajwa na mkubwa waliamua kuwataja wakubwa wao. Colito walimtangaza Luteni Elisha Kavana kuwa kamanda, kijana ambaye hakuyataka maasi. Tabora macho yaliwageukia Sarakikya na Musuguri, na Sarakikya alitumia nafasi hiyo kuwatuliza askari badala ya kuwaongoza kwenye uasi.

Tarehe 25 Januari makomando wa Uingereza walitua Colito kutoka meli HMS Centaur kwa ombi la serikali ya Tanganyika, na upinzani ukaisha haraka. Kikosi cha Tabora nacho kikasalimisha silaha. Tanganyika Rifles ikavunjwa. Kuomba msaada wa mkoloni wa jana kulimuuma sana Nyerere, naye hakuficha, na mara tu ilipowezekana askari wa Nigeria wakachukua nafasi ya Waingereza. Kuhusu asili ya maasi, wengi wametaja mishahara na mwangwi wa mapinduzi ya Zanzibar ya tarehe 12 Januari. Yote mawili yalikuwepo. Lakini ukifuata safari ya askari wa Kalewa tangu mwaka 1945, utaona chanzo kilichokaa muda mrefu zaidi: watu waliofanya kazi ya uongozi bila cheo, wakingoja uteuzi ambao hakuna aliyewapa tarehe yake.

Nyerere aliwaita vijana wa Umoja wa Vijana wa TANU waende kwenye ofisi za chama zilizo karibu nao wakajiandikishe, wawe mbegu ya jeshi jipya. Kwa wito huo mwenye kutaja majina alibadilika kwa mara nyingine. Alikuwa mtemi, akawa Mkuu wa Wilaya Mwingereza, sasa akawa katibu wa TANU. Mjini Tabora ofisi hiyo ilikuwa na uzito wa pekee, maana mkutano mkuu wa TANU wa Januari 1958, ulioamua chama kiingie katika uchaguzi wa kura tatu, ulifanyika hapo. Kijana alitajwa na tawi lake, tabia yake ikathibitishwa na viongozi wa mtaa, kisha akangoja. Jeshi la Wananchi lilianza rasmi tarehe 1 Septemba 1964, na Sarakikya, akiwa na umri wa miaka 30 hivi, akawa mkuu wake hadi mwaka 1974. Musuguri naye alilishika jeshi hilo kuanzia 1980 hadi 1988. Efendi wa KAR akafika juu kabisa.

Utaratibu wa chama ulikuwa na faida na hasara zake. Ulilipa jeshi maafisa waliojiona sehemu ya wananchi, na Tanzania haikupata tena maasi ya aina ya 1964. Nchi nyingi jirani hazikuwa na bahati hiyo. Hasara yake ni kwamba kadi ya chama ikawa sharti, na kijana mwenye uwezo aliyekosana na katibu wa tawi hakuwa na mahali pa kukata rufaa. Hali hiyo ilikoma kisheria mwaka 1992, mfumo wa vyama vingi ulipowakataza wanajeshi kuwa wanachama wa chama chochote cha siasa.

Pa kuwafundishia maafisa palikuwa tatizo la kwanza la jeshi jipya. Vijana waliteuliwa kwenda nje, na wakufunzi wakaja kutoka Kanada, ambayo timu yake ilikaa nchini kuanzia 1965 hadi 1970, na kutoka China. Mwishoni mwa miaka ya 1960 chuo cha maafisa kilianza Dar es Salaam, na katika miaka ya 1970 kikahamia Monduli, mkoani Arusha, ambako kinajulikana kama Chuo cha Mafunzo ya Kijeshi Monduli. Hapo ndipo kwa mara ya kwanza kijana wa Itetemia aliweza kuwa afisa bila kuvuka bahari na bila kupimwa na jopo la wageni. Wanasiasa wa kizazi hicho walipita humo pia: Jakaya Kikwete alipata mafunzo ya uafisa na baadaye akawa mkufunzi wa siasa Monduli, na katika kazi zake za chama aliwahi kupangiwa Tabora.

Tabora ilibaki mji wa jeshi. Shule ya wavulana ya Tabora ilijulikana kwa kwata na nidhamu ya kijeshi muda mrefu baada ya Waingereza kuondoka. Brigedi ya Faru ina makao yake mjini humo, na kikosi cha JKT cha Msange kimepokea vijana kutoka pande zote za nchi. JKT yenyewe imepita mabadiliko mengi. Serikali ilipotaka wahitimu wa sekondari ya juu na vyuo watumike kwa lazima, wanafunzi wa chuo kikuu waliandamana Oktoba 1966, nao Nyerere akawafukuza mamia kwa siku moja. Mpango wa lazima ulisimama mwaka 1994 na kurejea mwaka 2013. Wanaoitwa baada ya kidato cha sita hujulikana kama vijana wa mujibu wa sheria. Wengine huingia kwa kujitolea, na ni hao hasa wanaotazamia kuajiriwa jeshini.

Kwa kijana wa kujitolea safari huanzia karibu na nyumbani. JKT hutangaza nafasi, lakini maombi na uchujaji huratibiwa na ofisi za wakuu wa mikoa na wilaya. Mkuu wa Wilaya amerudi mahali alipokuwa mwaka 1925, ila sasa ni raia, na mbele yake kuna masharti yaliyoandikwa: uraia, umri, afya, vyeti halisi vya shule na cha kuzaliwa, tabia njema, kutooa wala kuolewa, kutowahi kupatikana na hatia. Wasichana huomba kama wavulana, jambo ambalo shule ya watoto wa watemi haikuliwazia. Majina yakitoka, kijana huenda kikosini, hupewa jina la operesheni ya mwaka wake, na hutumika kwa muda wa miaka miwili. JWTZ linapotangaza nafasi za kuandikisha, kwa kawaida sharti mojawapo ni cheti cha kuhitimu JKT, na waliomaliza sekondari wasizidi miaka 24. Sharti hilo la umri ndilo linalofanya kungoja kuwa kuchungu. Aliyemaliza kidato cha nne akiwa na miaka 19, akakosa nafasi ya JKT mara mbili, hana tena muda wa kujaribu mengi.

Uchungu huo ulionekana hadharani Aprili 2021, Mkuu wa Majeshi alipotangaza kuwa vijana zaidi ya 800 wa JKT wameondolewa kwa kosa la kugoma wakidai ajira walizoamini wameahidiwa. Jeshi lilikuwa na haki ya kulinda nidhamu, hasa katika nchi hii yenye kumbukumbu ya 1964. Lakini tukio hilo linadai jambo ambalo Waingereza wa Kalewa hawakulifanya: anayengojeshwa aambiwe wazi nafasi ni ngapi, zitajazwa lini, na kwamba kutumika JKT si ahadi ya kazi. Tangazo lililo wazi halina gharama kubwa, na kunyamaza kumekwisha kuigharimu Tabora mara moja.

Anayeandikishwa hupita mafunzo ya kuruti kwanza. Wenye sifa za elimu huchaguliwa kwenda Monduli kama maafisa wanafunzi, kila kundi likiwa na namba yake na mwaka wake. Katika miaka ya karibuni chuo kimeanza kutoa shahada ya kwanza ya sayansi ya kijeshi kwa kushirikiana na Chuo cha Uhasibu Arusha, na wanaoifuata hukaa miaka kadhaa. Mwisho wa mafunzo ni gwaride, ambapo Rais, kwa nafasi yake ya Amiri Jeshi Mkuu, hutunuku kamisheni na wahitimu hula kiapo. Afisa mpya huanza na cheo cha luteni usu, na kituo chake cha kwanza cha kazi hupangwa na Makao Makuu ya Jeshi.